Mfereji Ulale

Siku ya pili ya matanga, kijana mmoja wa jirani aliniuliza, kwa nia njema kabisa, mzee aliua maadui wangapi kule Uganda. Nikamjibu sijui. Baba hakuwahi kutuambia, nasi hatukuwahi kumchokonoa. Kama angeuliza mzee alivusha watu wangapi, idadi nisingekuwa nayo vilevile, lakini ningemkaribisha mkekani tukazungumza mpaka jioni, maana kazi ya baba vitani ilikuwa kuvusha.

Alikuwa askari wa uhandisi wa medani katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Hao ni watu wasioimbwa sana. Wanaoimbwa ni wapiga mizinga, marubani, na askari wa miguu walioingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Mhandisi wa medani hutangulia kutegua mabomu ya ardhini, hurudi kufukia barabara iliyochimbwa na vifaru, na penye mto hubaki hapo hapo mpaka wa mwisho apite. Bunduki yake iko mgongoni kwa sababu mikono ina shughuli. Baba aliingia jeshini likiwa changa, miaka michache baada ya kuundwa mwaka 1964, akastaafu akiwa sajinitaji. Katikati kulikuwa na kambi, uhamisho, na barua kwa mama ambazo hadi leo mama hajakubali tuzisome. Hayo ni maisha ya askari yeyote. Ninachotaka kukisimulia ni ufundi wake.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia mkoa unaoitwa sasa Kagera na kuteka ardhi iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Siku chache baadaye yakalilipua daraja la Kyaka, lililokuwa njia ya magari kuvuka mto ule. Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba sababu ya kupigana tunayo, uwezo tunao, na nia tunayo. Wasimuliaji wengi wakifika hapo huruka moja kwa moja hadi kwenye mizinga. Baba alikuwa akituliza meza kwa utani wake mkavu: "Mwalimu alisema kweli tupu. Palipungua daraja tu."

Na Kagera si kijito cha kurukwa. Maji yake hushuka kutoka milima ya Rwanda na Burundi, na hakuna mto mwingine unaomwaga maji mengi kuliko huo katika Ziwa Victoria. Mwezi wa Novemba ni wa vuli. Kifaru hakiogelei, na lori la risasi halibebwi kwa mtumbwi.

Daraja ambalo watu wa baba walifundishwa lilibuniwa na Mwingereza Donald Bailey wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alikuwa mtumishi wa serikali ambaye kutengeneza vidaraja vya mfano kulikuwa starehe yake. Masharti aliyojiwekea ni ya mtu anayewafahamu askari: kila kipande kiingie kwenye lori la kawaida, kila kipande kibebwe na binadamu, na kazi yote ifanyike bila winchi kubwa. Kipande kikuu huitwa paneli, fremu ya chuma yenye urefu wa futi 10 na kimo cha futi 5. Uzito wake ni karibu kilo 260, nayo hubebwa na watu sita kwa fito za mbao, watatu huku na watatu huku. Paneli zikipangwa mstari mmoja kila upande unapata daraja la gari dogo. Zikipangwa mistari miwili au mitatu, au zikapandishwa ghorofa, unapata la kubeba kifaru. Chuma ni kilekile, kinachobadilika ni hesabu ya fundi.

Waafrika Mashariki walilijua daraja hilo zamani. Mwezi Desemba 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipoteremka hadi Kalewa huko Burma, wahandisi walilaza juu ya Mto Chindwin daraja la aina hiyo lenye urefu wa futi 1,154, refu kuliko yote ya namna yake wakati huo. Baba alilisikia kwa wazee wa KAR (King's African Rifles), jeshi la enzi za Waingereza, kabla hajavaa kombati. Nadhani ndilo lililomvuta, ingawa mwenyewe alidai alivutwa na buti.

Mimi nilifundishwa daraja hilo kwa mabua ya mtama. Baba alikuwa likizo, akakaa chini ya mwembe na kisu, akachonga paneli ndogo ndogo na kuziunga kwa miiba ya mchongoma. Paneli ina ncha mbili: moja ina masikio ya dume, nyingine ya jike. Dume likiingia katikati ya jike matundu hulingana, kisha pini hupigwa. Nilidhani siri ya daraja imo katika paneli. Alinichekea kidogo, akaingia ndani, akatoka na pini halisi iliyokuwa imefungwa kwenye soksi. Ilitokaje jeshini sikuuliza, na leo hakuna wa kuulizwa.

Ile pini niliishika kwa mikono miwili. Ina unene wa karibu sentimita 5 na uzito wa karibu kilo 3. Kwenye ncha yake kuna kitundu cha kupitishia kipini chembamba cha usalama, ili pini kubwa isichomoke daraja likitikiswa. Kichwani imekatwa mfereji mmoja mwembamba, wa kuingia ukucha. Akaniuliza mfereji ule ni wa nini. Nikasema labda ni wa bisibisi. Akasema fikiri, akaendelea kuchonga.

Jibu alilitoa baada ya chakula cha jioni. Anayepiga pini kwa nyundo huona kichwa chake tu. Ncha imetokea upande wa pili wa chuma, mahali asipopaona. Lakini mfereji wa kichwani umekatwa sambamba na kitundu cha ncha, kwa hiyo kichwa humwambia kitundu kimeelekea wapi. Mfereji ukilala sawa na ardhi, kitundu kiko wazi na kipini cha usalama kitaingia. Ukisimama wima, kingo za chuma cha paneli zitakuwa zimekiziba, na mwenzako aliye upande wa pili atahangaika na kipini mpaka mchana umkute. Ndiyo maana amri ilikuwa fupi: "Mfereji ulale!"

Nimekutana na vitu vingi vilivyobuniwa kwa akili, lakini vichache vimenikaa rohoni kama mkwaruzo ule. Mtu alikaa ofisini, akamfikiria askari mchovu usiku, asiyeona upande wa pili, akamwachia alama. Na askari wa kwetu, aliyesoma mpaka darasa la saba, aliielewa fikra ile hadi undani kiasi cha kumrithisha mtoto wake kwa bua la mtama. Nyumbani kwetu amri ile iliota mizizi. Nikimaliza hesabu za shule aliuliza, "Mfereji umelala?" akiwa na maana kwamba nimekagua jibu kwa njia ya pili. Dada yangu alipoleta mchumba, swali lilikuwa hilo hilo, na mchumba yule hakuelewa kitu.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linalowashangaza watu nikiwaeleza. Daraja lile halijengwi juu ya maji. Hujengwa nchi kavu, upande wako, juu ya rola za chuma zilizopangwa kwenye ukingo, kisha husukumwa kwa mabega kuelekea hewani. Linasukumwaje bila kutumbukia? Mbele yake hutangulizwa pua, yaani paneli zilizounganishwa bila sakafu, nyepesi. Nyuma hufuata daraja lenyewe, lenye uzito. Fundi lazima ahakikishe kwamba kila hatua, mpaka pua ishike ng'ambo, sehemu nzito iko nyuma ya rola za ukingoni. Akikosea hesabu kwa paneli moja tu, kazi ya usiku mzima itainamisha kichwa na kuzama.

Halafu pua huinama. Chuma kirefu kisichoshikiliwa mbele lazima kishuke kwa uzito wake, hata kiwe imara namna gani. Pua ikifika ng'ambo ikiwa imeshuka chini ya ukingo itagonga udongo, na hapo hakuna wa kuiinua. Kwa hiyo tangu mwanzo, kabla paneli ya kwanza haijainuliwa, hukokotolewa itashuka kiasi gani, na viungo maalumu huwekwa chini yake kuielekeza juu kwa kiasi hicho hicho. Ukiitazama ikiwa bado nchi kavu utasema mafundi hawa wamelewa, mbona imepinda kwenda mbinguni? Ikifika kule inatua juu ya rola za pili. Hapo baba alikuwa akiweka bua lake juu ya kibiriti cha ng'ambo, polepole, na kunyamaza ili nishangae vizuri.

Ikishatua, daraja huendelea kusukumwa na pua hufunguliwa kipande kwa kipande upande wa pili. Yote. Kisha daraja huinuliwa kwa jeki, rola hutolewa, nalo hushushwa likalie mabamba yake. Hutandikwa mbao, huwekwa miteremko ya magari, kazi imekwisha. Dereva anayepita hataijua pua, wala hatajua kwamba bila hiyo angekuwa bado ng'ambo akichemsha chai. Nilimuuliza baba kama haikumuudhi kujenga kitu kirefu hivyo na kukibomoa saa ile ile. Akaniuliza kama mama huchukizwa kuondoa mafiga akishaivisha ugali.

Kuhusu Kyaka alisimulia kidogo, tena kwa vipande. Alikumbuka matope kuliko risasi. Alikumbuka kwamba walichoogopa zaidi ni mlio wa chuma juu ya chuma, ambao usiku husafiri mbali juu ya maji. Taa hazikuruhusiwa. Na hapo ndipo mfereji wa pini ulipoonyesha thamani yake yote, kwa kuwa gizani husomwa kwa kidole gumba. Kabla ya kusukuma alipita pini moja baada ya nyingine, nje na ndani, akipapasa vichwa. Uliolala, anapita. Uliosimama, anamgusa bega aliyeupiga, bila maneno, na unarudiwa. Vijana walitaka kusukuma. Maofisa walitaka kusukuma. Yeye, koplo tu wakati huo, alikuwa bado anapapasa. Na sheria nyingine aliyoisimamia kwa ukali: tundu la pini halichunguzwi kwa kidole hata siku moja, huchunguzwa kwa chuma. Paneli ikicheza kidogo tu, kidole hakipo. Aliitaja sheria hiyo kila mara kwa sauti ya chini, na sisi tulielewa kuna mwenzao aliyeisahau.

Magari yalipoanza kuvuka hakupanda juu kutazama. Alibaki chini ya ukingo akisikiliza. Ubao uliolegea hupiga kofi. Pini isiyokaa hulia tofauti, mlio mfupi, mkavu. Kwa maelezo yake, vita vya Kagera vilianza kwake kama matairi yanayopita juu ya kichwa, mengi, na hakuna mlio mkavu. Baadaye alifika Masaka na kwingineko, ila huko alipataja kama mtu anayetaja vituo vya basi.

Nafikiri tunawaenzi wastaafu wetu kwa haraka mno. Tunawapigia makofi Siku ya Mashujaa, tunaweka mashada kwenye makaburi ya Kaboya, tunawaita jina moja wote, kisha tunarudi nyumbani bila kujua huyu alikuwa mpishi wa kikosi, huyu fundi wa redio, huyu alishona viatu. Ushujaa wa baba, kama nilivyouona mimi, ulikuwa uwezo wa kutoharakishwa. Kila mtu mwenye cheo kikubwa kuliko yeye yuko nyuma yake, adui yuko mbele, mvua inanyesha, na yeye anarudia kupapasa pini aliyokwisha kuipapasa. Moyo wa namna hiyo hauna nishani yake, ingawa walimpa nishani nyingine, nazo alizitunza ndani ya soksi ile ile.

Alipostaafu alirudi kijijini kwetu, chini ya milima ya Uluguru, ambako mto mmoja mdogo hujifanya mkubwa kila masika. Watoto wa ng'ambo walikuwa wanakosa shule kwa majuma. Serikali ya kijiji ikamwendea. Paneli za Bailey hazikuwepo, kwa hiyo alijenga kivuko cha kuning'inia kwa waya wa chuma, magogo na mbao, kazi ambayo hakuifanya sana jeshini, na aliianza kwa kukataa. Mzigo wa kwanza wa waya ulioletwa na mchuuzi wa vyuma chakavu aliupitishia kitambaa, mita kwa mita. Kila kilipokwama pana uzi uliokatika. Kilikwama mara nyingi. Waya ukarudishwa, wanakijiji wakanung'unika, masika yakapita bila kivuko. Mwaka uliofuata ulipatikana waya ambao kitambaa kiliteleza juu yake kama juu ya hariri.

Ubishi wa pili ulikuwa juu ya kulegea. Watu walitaka waya ukazwe mpaka unyooke, uonekane wa kitaalamu. Baba alikataa. Waya ulioachwa ubonyee katikati hubeba mzigo kwa raha. Ukivutwa ukanyooka, mtu mmoja akipita huvuta nguzo na nanga kwa nguvu mara nyingi ya uzito wake. Nanga zenyewe ni magogo yaliyozikwa ardhini, hayaonekani, nayo aliyachimbia kina ambacho vijana wa kazi walikiita kaburi la tembo.

Ila kwa macho yangu uzuri wa kivuko kile uko kwenye klampu. Waya ukizungushwa nguzo, ncha yake hurudi kulala juu ya waya mkuu, na viwili hivyo hubanwa pamoja. Klampu ina sehemu mbili: kiti cha chuma chenye mikunjo inayoupokea waya, na fito iliyopinda yenye nati mbili, inayouma. Mafundi wengi huzifunga vyovyote, moja hivi, nyingine vile. Baba alizipanga zote upande mmoja: kiti kwenye waya unaobeba mzigo, na fito inayouma kwenye ncha iliyorudi. Kinachouma huponda, naye hakutaka kuponda sehemu inayobeba uhai wa mtu. Zilikuwa si chini ya tatu kila mahali, zimeachiana nafasi mara sita ya unene wa waya. Kisha, kivuko kikiwa tayari na mwenyekiti amekwisha kukata utepe, alirudi peke yake na spana kukaza upya kila nati, kwa sababu waya ukibeba mzigo kwa mara ya kwanza hupungua unene, na klampu iliyokazwa vizuri jana leo imelegea. Aliirudia kazi hiyo kila mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli.

Watoto wa shule walimwita Afande na walimwogopa kwa jambo moja. Asubuhi walifika kwenye kivuko wakiwa katika mchakamchaka, wanaimba, miguu inapiga pamoja. Mzee hutoka kichakani: "Vunja hatua!" Wote hutawanya hatua, kila mmoja na mwendo wake. Mwaka 1831 huko Broughton, Uingereza, kikosi cha askari kilivuka daraja la kuning'inia kwa mwendo wa gwaride, daraja likaitikia mdundo wao na kuanguka. Amri ya kuvunja hatua ikaenea katika jeshi la Uingereza, ikafika KAR, ikafika JWTZ, na kupitia kwake ikafika kwa watoto wenye madaftari ndani ya mifuko ya rambo. Wapo waliokua, wakapata watoto, na bado wakifika penye mbao hubadili mwendo bila kujua kwa nini.

Hakuwa mtu rahisi. Bawaba aliyoifunga fundi mwingine aliifungua na kuifunga tena, mbele ya fundi huyo. Mama aliishi miaka mingi na mlango wa jiko usiokwisha kutengenezwa. Spana ukiirudisha bila kuipangusa grisi, hukuambiwa kitu, ila uliikuta mezani kwenye sahani yako. Nilimchukia kwa hilo nikiwa na miaka 15. Sasa nazipangusa.

Alifariki nyumbani, baada ya kuugua muda mfupi. Wastaafu wenzake walikuja na makoti yenye nishani, wakasimama mguu sawa, wakamzika. Mmoja wao, mzee mwembamba kutoka kikosi chake, alikwenda kukiona kivuko kabla ya kupanda basi. Aliinama kwenye nanga ya kwanza, akapitisha kidole gumba kwenye klampu moja moja mpaka mwisho wa safu, akasema, "Zimelala."

Sasa nawaambia mnaokitumia kivuko kile, na najua mko wengi mpaka mjini. Waya ni mzima. Nimeupitishia kitambaa mwenyewe. Mbao tatu upande wa shule zimeoza, na mbili zinaanza. Inatakiwa mbao ya mninga au mkongo, inchi 2 kwa 6, iliyokauka, ipakwe oili chafu kabla ya kupigiliwa. Spana iko kwa mwenyekiti wa kitongoji. Anatafutwa pia kijana mmoja au binti mmoja asiye na haraka, nimwonyeshe klampu zinavyokazwa, kwa kuwa mimi nakaa mbali na nati haziningoji. Mje kabla ya Machi, mvua hazijaanza.